Hubert Cecil Booth na Mashine ya Kufyonza Vumbi

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba hewa ina uzito, na kwamba husukuma kila kitu inachokigusa. Msukumo huo juu ya kila sehemu ya eneo huitwa kanieneo ya hewa. Sasa tutasoma maisha ya mhandisi aliyeitumia kanieneo ya hewa kuondoa vumbi katika mazulia na viti. Soma kwa makini, kwa sababu mwishoni utatakiwa kutumia ujuzi wake ili kuchagua mashine ya kusafishia ndani ya motokaa.

Ujana wake

Hubert Cecil Booth alizaliwa tarehe 4 Julai, 1871, katika mji wa Gloucester, nchini Uingereza. Mwaka 1889 alikwenda London, akasomea uhandisi katika chuo cha ufundi kwa miaka mitatu. Mwaka 1892 aliajiriwa na kampuni ya uhandisi iliyokuwa ikitengeneza injini za meli. Baadaye alishiriki katika kusanifu madaraja, na pia magurudumu makubwa ya chuma ya kupandisha watu juu kwa ajili ya burudani. Magurudumu hayo yalijengwa London, Blackpool, Paris na Vienna. Lile la Vienna lilianza kuzunguka mwaka 1897, na kimo chake ni karibu mita 65.

Mashine iliyopuliza

Mwaka 1901 Booth alikwenda kutazama maonyesho ya mashine mpya ya kusafishia mazulia mjini London. Mvumbuzi wake alikuwa ametoka Marekani. Mashine hiyo ilipuliza hewa kwa nguvu juu ya zulia ili vumbi liruke na kuingia katika sanduku. Lakini vumbi jingi halikuingia sandukuni. Liliruka, likaelea hewani, kisha likatua tena palepale lilipotoka.

Booth alimwuliza mvumbuzi kwa nini mashine isifyonze vumbi badala ya kulipuliza. Mvumbuzi alikasirika. Alijibu kwamba jambo hilo haliwezekani, kwani wengi walikwisha kulijaribu wakashindwa.

Mtu mwingine angeliridhika na jibu hilo. Booth hakubishana, lakini pia hakukubali. Alilifikiri jambo hilo kwa siku kadhaa, kisha akaamua kulijaribu yeye mwenyewe.

Jaribio la Booth

Siku moja Booth alikuwa katika hoteli ya chakula yenye viti vilivyofunikwa kitambaa kizito chenye manyoya. Aliweka kinywa chake juu ya kitambaa cha kiti, akafyonza kwa nguvu. Vumbi lilimwingia kooni, nusura apaliwe. Habari nyingine zinaeleza kwamba alitandika leso juu ya kiti kabla ya kufyonza, na alipoigeuza aliona doa la vumbi upande wa chini.

Jaribio hilo dogo lilimfundisha mambo mawili. Kwanza, hewa inayofyonzwa hubeba vumbi. Pili, kitambaa kinaweza kulizuia vumbi huku kikiiacha hewa ipite. Wewe usilirudie jaribio hilo, kwa maana vumbi likiingia kifuani huweza kuleta maradhi.

Mashine yake

Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1901, Booth aliandikisha uvumbuzi wake kisheria. Kabla yake walikuwako watu waliotengeneza vifaa vya kufyonza vumbi kwa nguvu za mkono, lakini vifaa hivyo vilikuwa dhaifu. Booth alitumia pampu iliyoendeshwa kwa injini ya petroli.

Mashine ya kwanza ilikuwa kubwa mno hata haikuweza kuingia nyumbani. Ilikokotwa na farasi na kusimamishwa barabarani. Wafanyakazi walipitisha mabomba marefu madirishani, wakayaburuta juu ya mazulia na viti. Ngurumo ya injini iliwashtua farasi waliokuwa wakipita, na kampuni ya Booth ilishitakiwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo mashine iliendelea na kazi yake. Baadhi ya mabomba yalikuwa na sehemu ya kioo, ili watu waone kwa macho yao vumbi likitoka katika mazulia waliyodhani ni safi.

Tazama jinsi mashine hiyo ilivyofanya kazi. Pampu ilipunguza hewa ndani ya bomba. Kanieneo ndani ya bomba ikawa ndogo kuliko kanieneo ya nje. Hewa ya nje ikasukumwa kuingia ndani kwa kasi, ikabeba vumbi. Kitambaa kikalizuia vumbi, na hewa ikatoka. Kwa hiyo tunaposema kwamba mashine inafyonza, kwa kweli ni hewa ya nje inayosukuma.

Sifa zake zaenea

Mwaka 1902 mashine za Booth zilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya Mfalme Edward wa Saba kutawazwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanamaji wengi waliwekwa katika jumba la Crystal Palace mjini London. Homa ilizuka kati yao, na vumbi lililojaa humo lilishukiwa kuwa chanzo chake. Mashine 15 za Booth ziliitwa, zikaondoa tani 26 za vumbi.

Mashine ya Booth haikuweza kubebwa na mtu mmoja. Mwaka 1907, katika mji wa Canton nchini Marekani, James Murray Spangler alitengeneza mashine ndogo ya umeme. Spangler alikuwa mfagiaji wa duka, naye aliugua pumu, hivyo vumbi la ufagio lilimdhuru sana. Alitumia mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto ya kukusanyia vumbi. Umbo la mashine lilikuwa limebadilika, lakini kanuni ilikuwa ileile.

Booth alifariki dunia tarehe 14 Januari, 1955, akiwa na umri wa miaka 83.

Kuchagua mashine ya kusafishia motokaa

Motokaa inayopita katika barabara ya vumbi hukusanya vumbi jingi katika viti na sakafu. Tukilipuliza kwa hewa, litaruka na kutua tena, kama Booth alivyoona. Yafaa kulifyonza. Anayechagua mashine ya kazi hiyo na azingatie mambo haya:

1. Mdomo wa bomba uwe mwembamba, ili ufike katika mianya ya viti. Hewa inayopita mahali pembamba huenda kwa kasi.
2. Bomba na viungo vyake visivujishe. Hewa ikiingia kwa tundu jingine, nguvu ya kufyonza hupungua mdomoni.
3. Kichujio kizuie vumbi laini, na kiwe rahisi kutolewa na kusafishwa. Kikiziba, hewa haipiti na mashine haifyonzi.
4. Chombo cha vumbi kitoshe kwa kazi yote. Kikijaa, kimwagwe mara moja.
5. Mashine ya betri hubebeka kwa urahisi, lakini betri huisha. Mashine ya waya hufanya kazi muda mrefu, lakini lazima umeme uwe karibu.
6. Idadi ya wati iliyoandikwa juu ya mashine huonyesha umeme unaotumika. Haituelezi peke yake jinsi mashine inavyofyonza.
7. Mashine isiyotengenezwa kwa ajili ya maji isifyonze maji, kwa sababu ya hatari ya umeme.

Muuzaji akisema mashine yake ni bora, mwombe aijaribu juu ya kiti chenye vumbi mbele yako.

Jaribio

Vifaa: mrija safi na kipande cha karatasi safi kilicho kikubwa kuliko tundu la mrija.

Weka karatasi juu ya meza. Gusisha ncha ya mrija juu ya karatasi, kisha fyonza na uinue mrija. Karatasi inafanya nini? Sasa mwenzako atoboe mrija wake katikati kwa pini mara kadhaa, naye afanye vivyo hivyo. Linganisheni mliyoyaona.

Maswali

1. Mashine ya mvumbuzi kutoka Marekani ilikuwa na kasoro gani?
2. Booth alijifunza mambo gani mawili katika jaribio lake?
3. Eleza kwa nini hewa ya nje huingia katika bomba la mashine.
4. Mashine ya kusafishia motokaa imeacha kufyonza, ingawa mota inazunguka. Taja sababu mbili zinazowezekana.
5. Booth aliambiwa kwamba jambo lake haliwezekani. Alifanya nini badala ya kubishana? Kwa nini njia hiyo ni bora katika sayansi?