Yoshikawa: Mtunzi aliyenyamaza Japan iliposhindwa vitani

WASOMAJI wa gazeti la Asahi Shimbun la Japan waliahidiwa mwaka wa 1935 riwaya ya takriban sehemu 200 kuhusu Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga wa karne ya 17. Ilipokamilika mwaka wa 1939, ilikuwa imepita sehemu 1,000. Mtunzi wake, Eiji Yoshikawa, hakuwa amemaliza hata masomo ya msingi.

Alizaliwa mwaka wa 1892 katika eneo ambalo sasa ni sehemu ya Yokohama. Biashara ya babake ilipoporomoka, mtoto huyo aliacha shule akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akawa kibarua wa huku na huko, ikiwemo katika kiwanda cha uchapaji. Baadaye, katika karakana ya meli ya Yokohama, alianguka kutoka juu na nusura afariki. Alipopona alihamia Tokyo mwaka wa 1910, akajifunza kazi ya kunakshi vyombo kwa dhahabu huku akitunga mashairi mafupi ya kuchekesha.

Gazeti moja dogo la Tokyo lilimwajiri mwaka wa 1921. Tetemeko la ardhi la Septemba 1923 liliuteketeza mji huo, na kuanzia hapo aliamua kuishi kwa kalamu pekee. Hata jina lake lilitoka kiwandani: jina halisi lilikuwa Hidetsugu, lakini wachapaji walikosea herufi moja, likasomeka Eiji. Alilipenda, akaliacha vivyo hivyo. Si makosa mengi ya uchapaji ambayo hushukuriwa namna hiyo.

Musashi wa Yoshikawa si muuaji tu. Ni kijana mkali anayejinyima raha ili upanga umfundishe kuitawala nafsi yake. Kwa taifa lililokuwa likijiandaa kwa vita, fundisho hilo lilifaa mno, na hapo ndipo sifa ya mwandishi huyu inapoingia doa. Vita na China vilipozuka mwaka wa 1937 alitumwa huko kuripoti, na mwaka wa 1938 alikuwa miongoni mwa waandishi waliopelekwa medani na jeshi la wanamaji ili waisifu kampeni hiyo.

Japan iliposalimu amri mwaka wa 1945, Yoshikawa aliweka kalamu chini. Kwa takriban miaka miwili alikaa kimya kijijini, magharibi mwa Tokyo, ilhali wengi wa rika lake waligeuza maneno upesi na kuendelea kuandika.

Jibu lake lilikuja mwaka wa 1950. Katika jarida la Shukan Asahi alianza kusimulia upya kisa cha kale cha ukoo wa Heike, uliotawala kwa kiburi kisha ukaangamizwa vitani katika karne ya 12. Kazi hiyo ilimchukua miaka saba. Safari hii aliwapa nafasi kubwa watu wa kawaida, akiwemo tabibu wa maskini ambaye anabaki hai na mkewe baada ya wakuu wote kuangamia.

Serikali ilimtunuku Nishani ya Utamaduni mwaka wa 1960. Alifariki kwa saratani mnamo Septemba 7, 1962, akiwa na umri wa miaka 70.