Jacques Plante, mulinzi wa goli mwenye alikataa kurudi bila maski

Ndugu wafanyakazi, mama na watoto wa kambi, leo tunawaletea maisha ya mutu wa mbali, lakini shida yake sisi wote tunaijua: kufanya kazi ya hatari bila kifaa cha kujikinga, juu mukubwa anaona kifaa ni cha waoga.

Jacques Plante alizaliwa tarehe 17 Januari 1929 ku Québec, ile jimbo la Kanada kwenye watu wanasema Kifaransa. Alikuwa mutoto wa kwanza kati ya watoto 11, na baba yake alikuwa mufanyakazi wa kiwanda. Pesa haikutosha. Baba alimuchongea fimbo ya kuchezea, mama akamufundisha kufuma kofia za sufu juu ya baridi.

Kule, mchezo wa watu wote ni hoki ya barafu. Wachezaji wanateleza na viatu vyenye chuma chini, na fimbo wanapiga kisahani cha mpira mugumu cha gramu karibu 170. Kinaweza kupita kilometa 150 kwa saa. Plante alikuwa na ugonjwa wa pumzi, hakuweza kuteleza mbio kwa muda murefu, njo maana akaenda kusimama golini. Bado kijana, alicheza na ekipe ya kiwanda. Baba yake akamushauri aombe malipo, akapata nusu ya dola kwa kila mechi.

Baadaye aliingia Canadiens, ekipe kubwa ya Montréal. Wakati ule walinzi wa goli walicheza uso wazi. Plante alivunjika mifupa ya uso ku mazoezi, akaanza kuvaa maski kila mazoezi. Lakini siku ya mechi, Toe Blake, mwalimu wa ekipe, alikataa. Alifikiri maski itamuzuia kuona na itamupunguzia ushujaa.

Tarehe 1 Novemba 1959, ku New York, Andy Bathgate alipiga kisahani, kikamupata Plante usoni. Damu ikamwagika kwenye barafu. Munganga alipomaliza kumushona, Plante akasema wazi kwamba bila maski harudi. Zamani zile ekipe haikusafiri na mulinzi wa pili. Blake akakubali, na Montréal wakashinda 3-1. Mwezi wa tatu 1960, Blake alimuomba ajaribu tena uso wazi mechi moja. Wakapigwa 3-0. Maski ikarudi, na mwaka ule Montréal wakachukua kombe la Stanley, la tano mfululizo.

Lakini musifikiri maski peke yake ilimufanya fundi. Plante alishika misingi ya kazi yake. Kusimama kwa miguu, hapana kujitupa chini ovyo. Kutoka mbele kidogo kumukaribia mupigaji, ili goli ionekane ndogo machoni pake. Kufuata kisahani na macho mpaka mwisho. Kwenda kukichukua nyuma ya goli mbele adui hajafika, na kuwaitia wenzake hatari inatokea wapi.

Ile ufundi hakuificha. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake cha kufundisha walinzi. Ku Toronto alimufundisha Bernie Parent, kijana mwenye angeweza kumunyanganya nafasi. Parent akaenda kuchukua kombe na Philadelphia mwaka 1974 na 1975.

Plante alikufa na kansa tarehe 27 Februari 1986, ku Genève, Uswisi, akiwa na miaka 57. Leo mulinzi wa ligi kubwa hawezi kuingia barafuni uso wazi.

Ndugu zangu, tuangalie muzuri namna gani alishinda. Blake alikubali juu hakukuwa na mutu mwingine wa kumuweka golini. Sisi, ukikataa peke yako kushuka shimoni bila kaske ao bila maski ya vumbi, ku mulango kuko watu wengi wanangojea nafasi yako. Njo maana kwetu mutu mumoja hatoshi. Tukatae wote pamoja, na wale wa mulangoni tuwaelezee mbele, juu kesho ni uso wao.