MAISHA YA CHICK WEBB, MPIGA-NGOMA WA BALTIMORE



Safari hii tunawaletea maisha ya mtu aliyekufa zamani. Hakuwa muhubiri wala mfalme. Alikuwa mpiga-ngoma, kiongozi wa orkestra kubwa ya jazi kule Marekani. Wengine watauliza: mambo ya dansi yanaingia namna gani katika gazeti letu? Tunawaomba muvumilie mpaka mwisho, sababu tuko na deni la kulipa.

William Henry Webb alizaliwa Baltimore, katika jimbo la Maryland, mwanzo wa karne ya 20. Akiwa mtoto bado, ugonjwa wa kifua kikuu ulimuingia ndani ya mifupa ya mgongo. Mgongo ukajikunja, naye hakurefuka tena. Hata alipokuwa mtu mzima, kimo chake kilikuwa kama cha mtoto wa masomo ya msingi. Njo maana walimuita Chick, ni kusema kifaranga. Lakini alipenda ngoma kupita vitu vyote. Aliuza magazeti barabarani, akaweka pesa kidogo kidogo mpaka akanunua ngoma zake mwenyewe.

Alipokuwa kijana alihamia New York. Mwaka 1926 alianza kuongoza kikundi chake, na Duke Ellington alimusaidia kupata kazi ile ya kwanza. Ile miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa, lakini hakuacha. Tangu mwaka 1931 orkestra yake ikapata makao katika Savoy, jumba kubwa la kucheza katika mtaa wa Harlem. Mule ndani weusi na wazungu walicheza pamoja chini ya paa moja, na katika Marekani ya wakati ule jambo hilo lilikuwa haba sana.

Chick hakujua kusoma noti. Basi alifanya nini? Aliweka nyimbo zote kichwani, sehemu ya trompeti, ya tromboni, ya saksofoni, kila moja mahali pake. Alikaa juu ya jukwaa katikati ya wenzake, na kwa fimbo zake mbili aliwaonyesha wapi pa kuingia na wapi pa kunyamaza. Ngoma yake kubwa ilikaribia kumficha. Sababu miguu yake ilikuwa mifupi, walimtengenezea pedali za kipekee. Hakuomba ngoma ndogo. Alitafuta njia ya kufikia ile kubwa.

Tarehe 11 mwezi wa tano 1937, Benny Goodman, mzungu mwenye kupiga klarineti, alikuja Savoy na orkestra yake kushindana naye. Goodman alikuwa na sifa katika inchi yote, na mpiga-ngoma wake, Gene Krupa, alikuwa kijana mwenye nguvu na sura nzuri. Watu walijaa, maelfu wakabaki inje. Usiku ule Chick alishinda, na Krupa mwenyewe akainama mbele yake kwa heshima.

Lakini tusimfanye malaika. Mwaka 1935 walimletea msichana mmoja, Ella Fitzgerald, yatima, aliyekuwa ameshinda shindano la kuimba katika jumba la Apollo mwaka 1934. Alivaa vibaya, hata mahali pa kulala palikuwa shida. Chick alipomuona, hakumtaka. Kumbe hata mtu aliyechekwa juu ya mwili wake anaweza kupima mwingine kwa nguo! Wenzake wakamusihi amjaribu. Alipomsikia akiimba mbele ya watu, akageuza mawazo, akampa kazi. Mwaka 1938 wimbo wao A-Tisket, A-Tasket, uliotoka katika mchezo wa watoto, ukajulikana Marekani yote.

Wakati ule maumivu ya mgongo yalikuwa yamezidi, naye aliendelea kupiga usiku kwa usiku. Alikufa tarehe 16 mwezi wa sita 1939, katika lopitali ya Johns Hopkins, kulekule Baltimore. Hakufikisha miaka 40. Ella akashika orkestra ile mpaka mwaka 1942, kisha akawa mwimbaji wa kujulikana dunia nzima.

Sasa deni letu. Mwanzo wa mwaka huu, mwenzetu mmoja anayetembea kwa fimbo aliomba kuingia katika fanfari kupiga ngoma. Watu walicheka. Sisi, tuliopewa kazi ya kusimamia wanafunzi, hatukucheka, lakini tulifanya vibaya zaidi: tulimuambia kwa upole kwamba ngoma ni nzito kwake, tukafunga daftari. Hatukumpa hata dakika moja aonyeshe mikono yake. Chick alikataa kwa macho, kisha akasikiliza kwa masikio. Sisi hatukufika kwa masikio.

Tumekwenda kumuomba musamaha, naye amekubali. Jumamosi nyuma ya salongo ngoma itakuwa inje, juu ya kiti, kwa urefu wake. Anayetaka kuja aje, lakini aje kusikiliza. Mwaka huu njo wetu wa mwisho hapa, na hatukutaka kutoka na deni hili mgongoni.

Mungu awabariki wote, na masomo mema.