Jacob Wainwright, kijana aliyeandika kifo cha Livingstone

Kwetu Kasongo na Kabambare, wazee wengi wanalijua jina la David Livingstone. Kati ya 1869 na 1871 huyu mzungu alizunguka Maniema, akakaa sana Bambarre, akafika mpaka Nyangwe. Lakini ni wachache wanaomjua Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyeandika kwa Kiingereza namna Livingstone alivyokufa.

Jacob alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani angali mtoto, meli ya Waingereza ikamuokoa, akapelekwa India, kwenye shule ya misioni huko Nashik. Hapo ndipo alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza.

Mwaka wa 1872, Stanley aliandika watu wa kumsaidia Livingstone, Jacob na wenzake wa Nashik wakiwemo. Walimkuta Unyanyembe, upande wa Tabora, wakaenda naye kusini.

Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone akafariki kijijini kwa Chitambo, leo ni Zambia. Susi na Chuma wakashika uongozi. Moyo wa marehemu ulizikwa chini ya mti. Jacob akasoma sala za mazishi kwa Kiingereza, akachonga jina la marehemu kwenye ule mti. Vitu vyote alivyoacha, Jacob aliviandika kimoja kimoja mbele ya watu. Bila ile karatasi, nani angeamini kwamba hawakuiba?

Wakaubeba mwili kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Misioni ikamlipia Jacob safari ya meli, na tarehe 18 Aprili alikuwa kati ya waliobeba jeneza kanisani Westminster, London. Susi na Chuma, waliotumika na marehemu miaka mingi kuliko yeye, walifika Uingereza mazishi yamekwisha pita.

Jacob alizungushwa Uingereza akisimulia habari zake, kisha akarudi Afrika kutumika na wamisionari. Alikufa Urambo, mwaka wa 1892, mbali na zile sifa za London.

Leo vijana wetu wanakariri maneno magumu ya Kiingereza juu ya kutafuta kazi kwenye ONG. Si vibaya. Lakini daftari la Jacob linasomwa mpaka leo kwa sababu aliandika mambo aliyoyaona kwa macho yake. Na sisi tuna mengi tumeyaona hapa Wamaza. Nani anayaandika?