Henri Fantin-Latour: Maua yake yalipata soko ng'ambo

Wafanyabiashara husema kizuri chajiuza. Maisha ya mchoraji Mfaransa Henri Fantin-Latour yanatuonyesha kwamba wakati mwingine kizuri hakiuziki mpaka kivuke mpaka.

Alizaliwa Grenoble mwaka 1836, na baba yake ndiye aliyemfundisha kuchora. Familia ilipohamia Paris, alikuwa akishinda katika jumba la makumbusho la Louvre, akinakili kazi za wachoraji wa zamani na kuuza nakala hizo ili apate riziki. Humo ndimo alimojuana mwaka 1858 na mchoraji Mmarekani, James Whistler. Mwaka uliofuata Whistler alimpeleka London.

Huko alipata alichokikosa nyumbani: wateja wa picha zake za waridi, na za matunda yaliyopangwa mezani. Mwingereza Edwin Edwards, aliyeacha uanasheria akaingia sanaa, na mkewe Ruth, wakawa mawakala wake. Picha zilitoka Paris, wao wakazitafutia wanunuzi. Edwards alipofariki mwaka 1879, Ruth hakufunga biashara, aliendelea kuuza. Hivyo maua ya Fantin-Latour yakajulikana zaidi Uingereza kuliko Ufaransa.

Kwao alisifika kwa picha za watu. Mwaka 1870 aliwachora Manet, Monet na Renoir katika picha moja. Lakini marafiki zake wa kundi la Impreshonisti walipofanya maonyesho yao ya kwanza mwaka 1874, yeye hakujiunga. Wao walipenda kuchorea nje, juani. Yeye alibaki ndani na chombo chake cha maua.

Moyo wake ulikuwa kwenye picha alizobuni kutokana na muziki wa Wagner na Berlioz. Maua ndiyo yaliyomlisha, lakini hakuyalipua kwa kuwa ni ya kuuza. Baada ya kumwoa mchoraji mwenzake, Victoria Dubourg, mwaka 1876, walikuwa wakienda majira ya joto katika nyumba ya familia ya mke huko Buré, Normandy. Hapo maua yalitoka bustanini yakiwa mabichi, naye akayachora kabla hayajanyauka.

Alifariki Buré mwaka 1904. Leo picha zake zimo katika majumba ya makumbusho ya Paris na London, na kuna aina ya waridi inayoitwa kwa jina lake. Mnunuzi wake alikuwepo siku zote, ila upande wa pili wa maji. Na aliyemfikisha kwake ni wakala wa kuaminika.