Jaji wa Korea Aliyemwambia Rais Akate Rufani

Kila yanapotajwa mambo ya mahakimu na watawala, mimi hukumbuka hadithi ile tuliyofunzwa chuoni, ya kwamba makadhi ni watatu: wawili wa motoni na mmoja wa peponi. Mtu ninayetaka kuwasimulia leo hakuwa wa dini yetu wala wa pwani yetu, na ya akhera yake namwachia Mola. Lakini kazi yake ya duniani yafaa ijulikane na kila apendaye haki. Jina lake ni Kim Byung-ro, Jaji Mkuu wa kwanza wa Korea ya Kusini.

Alizaliwa Sunchang, kusini-magharibi ya Korea, mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1910 Japani iliimeza nchi yake, naye akavuka bahari kwenda kusoma sheria huko huko kwa watawala. Aliporudi alisomesha, na mwaka 1919 akawa hakimu katika mji wa Miryang. Kiti hicho hakukikalia sana. Mwaka uliofuata alikwisha kuwa wakili, akiwatetea wanafunzi na wapigania uhuru waliokamatwa, akiwemo An Chang-ho, na mara nyingi bila ya malipo. Alijipa lakabu ya Gain, yaani mtu wa njiani, kwa kuwa aliyenyang'anywa nchi hana nyumba. Mwaka 1940 Wakorea waliposhurutishwa kuchukua majina ya Kijapani, yeye alikataa, akakaa kando ya Seoul akilima shamba.

Wajapani walipoondoka mwaka 1945, alijiunga na chama cha wahafidhina na wenye mashamba, kisha akakitoka mwaka 1946, kwa kuwa hakikukubaliana naye juu ya kuwagawia wakulima ardhi. Mwaka 1948 Jamhuri ilipoundwa, akakabidhiwa mahakama.

Misiba haikumpa nafasi. Mwaka 1950 alikatwa mguu kwa maradhi, na katika vita vilivyozuka mwaka huo mkewe akauawa na wapiganaji wa kikomunisti. Alirudi kazini akitembea kwa mkongojo. Husimuliwa kwamba mahakimu walipolalamika mishahara haitoshi, aliwajibu kuwa hata yeye anakunywa uji, basi na wastahimili.

Rais wa wakati huo, Syngman Rhee, hakuwa mtu wa kupingwa. Mwaka 1954 alitaka kubadili katiba, na bunge la watu 203 likampa kura 135. Thuluthi mbili yake ni 135 na sehemu, kwa hiyo hoja ilianguka. Baada ya siku mbili ile sehemu ikatupwa, hoja ikatangazwa imepita! Rais kama huyo ndiye aliyemnung'unikia Kim mahakama ilipomwachilia mbunge Seo Min-ho, aliyemwua afisa wa jeshi kwa risasi mwaka 1952, kwa kuona kuwa alijitetea. Kim alimjibu kwamba hata yeye Jaji Mkuu hana amri juu ya hukumu ya hakimu. Serikali isiporidhika, na ikate rufani kama mtu mwingine yeyote.

Zaidi ya hayo, mwaka 1953, mkewe akiwa ameuawa na wakomunisti, alisimama bungeni akasema sheria ya usalama iliyotungwa dhidi yao haihitajiki tena, maana sheria mpya ya jinai yatosha. Hapo ndipo mimi humvulia kofia, kwani si wengi wawezao kutenga uchungu wa nyumbani na kazi ya sheria. Bunge halikumsikiliza.

Lakini sisemi alikuwa malaika. Lee Tai-young, mwanamke wa kwanza kuwa wakili nchini humo, alipopeleka ombi la kuwaondolea wanawake dhuluma katika sheria ya jamaa, Kim alimkaripia. Sheria ya mwaka 1958 ilimwacha mwanamume kuwa mkuu wa nyumba, na utaratibu huo haukuondolewa hata mwaka 2008. Mzee huyo aliyesikia kilio cha kila mshitakiwa, cha wanawake hakukisikia.

Alistaafu mwaka 1957, akiwa na miaka 70. Mwaka 1960 aligombea ubunge kwao Sunchang, akashindwa. Jenerali Park Chung-hee alipotwaa serikali mwaka 1961, Kim aliingia tena uwanjani, na mwaka 1963 akajaribu kuwakusanya wahafidhina wa upinzani chini ya mwavuli mmoja. Wakubwa wakagombania nani awe rais, mwavuli ukapasuka, na Park akashinda kwa kura kiasi cha 156,000 tu. Kim alifariki Januari 1964.

Naona mahakamani alishinda kwa sababu hapakuwa na kitu alichokitaka kwa rais: si mali, si cheo zaidi. Siasa yataka wenzio nao wawe hawakitaki kiti, na hao hakuwapata.