Aniceti Kitereza: Mwandishi wa Ukerewe aliyekumbuka hadi chungu cha jikoni

Ukiagiza mchemsho jijini Mwanza leo, utaletewa bakuli la sato, ndizi mbichi, viazi mviringo, karoti, hoho na vipande vya kabichi, vyote vimeivia katika supu moja yenye ndimu na pilipili. Wengi wetu tunakiita chakula cha kienyeji. Ni kweli kwa upande mmoja, maana kuchemsha kitoweo na mboga pamoja ni jambo la kale kando ya Ziwa Victoria. Lakini kabichi, karoti na viazi mviringo ni wageni. Vilikuja na wamisionari na wakoloni. Anayetaka kujua watu wa visiwani waliishije na walikula nini kabla ya hapo hana budi kumsoma Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, katika ukoo wa watemi. Baba yake alifariki angali mdogo, naye akalelewa kwenye makazi ya mtemi, mahali ambapo wazee walikutana, mashauri yalikatwa na wageni walikirimiwa. Tunaamini hapo ndipo sikio lake lilipofunguka. Baadaye alipelekwa misheni ya Kagunguli, akabatizwa, kisha akavuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, nchi ya Wahaya, ambako ndizi na maharage hupikwa chungu kimoja hadi leo. Alikaa huko karibu miaka kumi akisoma Kilatini, Kigiriki na Kijerumani.

Upadri hakuupata. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, akafanya kazi ya biashara, na baadaye akarudi kisiwani kuitumikia misheni kama mwalimu na mfasiri. Wawili hao hawakubaki na mtoto aliye hai. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ndilo lililo katikati ya kitabu chake.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe. Myombekere na mkewe Bugonoka hawajajaliwa mtoto, na wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani. Myombekere anakwenda kumkomboa, anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angesema pombe ilipikwa ikapelekwa, basi. Kitereza hana haraka hiyo. Anatupitisha katika kuivisha ndizi, kuzikamua, kuchanganya nafaka na kungoja ichachuke, hadi msomaji makini aweze karibu kuipika mwenyewe. Ndivyo anavyofanya pia kwa uvuvi, kilimo, uwindaji, dawa za mitishamba, na namna ya kumkaribisha mgeni na kumwandalia chakula. Baadhi ya wasomaji huchoshwa na urefu huo. Sisi tunadhani urefu ndio faida yake: alikuwa akiwaandikia vijana ambao tayari walikuwa wakisahau.

Na si vijana tu waliobadilika. Ziwa la utoto wake halikuwa na sangara. Samaki huyo alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa hadi huku kwetu, akala furu wadogo wa aina kwa mamia, wengi wao wakatoweka kabisa. Shambani nako muhogo ulichukua nafasi ya ulezi na mtama, na sasa ndio ugali wa kila siku Ukerewe. Sufuria nayo ikakisukuma chungu cha udongo pembeni. Kwa hiyo kurasa zake hazisimulii mapishi tu. Baadhi ya vilivyoingia katika chungu hicho havipatikani tena.

Kazi hiyo ilikaa miaka mingi bila mchapishaji. Padri Mkanada, Almas Simard, alikuwa amemtia moyo, lakini alifariki kitabu kikiwa bado muswada. Kikerewe kina wasemaji wachache, na hakuna aliyeona soko lake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig, Wamarekani waliokuwa Ukerewe kwa utafiti, walimshauri atafsiri kwa Kiswahili. Kitereza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, viungo vikimuuma. Akaanza upya, akaifasiri riwaya yote kwa mkono wake.

Tanzania Publishing House iliichapa katika juzuu mbili, zenye mwaka 1980, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ntulanalwo na Bulihwali ni watoto ambao hatimaye Myombekere na Bugonoka walijaliwa. Nakala zilichelewa kufika. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi, miaka 36 tangu alipomaliza kukiandika.

Katika miaka ya 1990 Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani. Tafsiri kamili ya Kiingereza ilitoka mwaka 2002 kwa Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Aliyeifanya ni Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe vilevile, naye hakupitia Kiswahili. Alikwenda moja kwa moja kwenye muswada wa Kikerewe.